Shule yetu ya kijijini imefunga mwaka: uji wa alizeti, tetea watatu na ndoo ya darasa la pili

Mlima Alizeti (mleta mada)

Salaam wakuu, na poleni na majukumu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Jina la shule naliacha, maana watoto ni wa watu na wazazi wao sijawaomba ruhusa. Ijumaa tumefunga shule, na nimerudi nyumbani na furaha ambayo nimeshindwa kukaa nayo peke yangu.

Miaka yote kikao chetu cha Desemba kinakwenda hivi: mwalimu mkuu anasoma taarifa, waliofanya mtihani ni wangapi, waliofaulu ni wangapi, madawati yaliyovunjika ni mangapi. Kisha wanaitwa wa kwanza mpaka wa tatu wa kila darasa, wanapewa madaftari na kalamu, tunapiga makofi, mwenyekiti wa kijiji anafunga kikao, tunatawanyika kwenda kulima. Mzazi ambaye mtoto wake hayumo kwenye watatu hao anaondoka na karatasi ya ripoti tu, na wapo ambao hiyo karatasi hawawezi kuisoma. Mwaka huu mambo yamekwenda vingine.

Nianze na darasa la saba, maana najua ndilo mtakaloniuliza kwanza. Hatuna A, hata moja. B wapo wachache, wengi wana C, na wenye D wapo pia. Ufaulu wa nchi nzima mwaka huu wa 2024 ni asilimia 80.87, sisi tuko chini yake. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nimekuja kupamba.

Lakini siku zile mbili za mtihani, Septemba 11 na 12, hakuna dawati lililobaki wazi. Waliosajiliwa wote walifika, siku zote mbili. Kwa anayeijua shule yetu, hilo ni jambo kubwa. Kuna mwaka nilisimama mlangoni mwa chumba cha mtihani nikahesabu nafasi tisa zisizo na watu, kila dawati limebandikwa namba yake. Wasichana walikuwa wamepelekwa Dodoma na Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, wavulana wamefuata ng'ombe kwenye bonde la Wembere. Namba ya mtoto iko pale juu ya dawati, mwenyewe yuko jikoni kwa watu anaosha vyombo. Mpaka leo nikipita kwenye chumba kile nayatazama yale madawati.

Kilichowarudisha ni uji. Shule ina eneo ambalo lilikuwa linaota magugu tu. Mwaka juzi tulikubaliana kwenye kikao tulime alizeti. Wenye ng'ombe walileta plau, wasio na ng'ombe walikuja na majembe wakati wa palizi. Mavuno tuliyakamua wenyewe badala ya kuuza mbegu, mafuta yakauzwa, na mashudu wakanunua wafugaji. Fedha hiyo ndiyo inayonunua sukari na kumpa mpishi posho yake. Mahindi yanatoka nyumbani, debe moja kwa kaya baada ya mavuno.

Kabla ya hapo, kengele ya saa nne ilikuwa kengele ya kwenda nyumbani. Mtoto wa darasa la kwanza ametoka alfajiri bila kutia kitu tumboni, ametembea karibu saa nzima, ikifika saa nne anachowaza ni njaa. Anarudi nyumbani, anakuta watu wanatoka kwenda shambani, anakabidhiwa ndama achunge au anawekwa aamie ndege kwenye mtama. Siku imekwisha hapo. Siku zinakuwa wiki, na muhula unapita.

Kwa hiyo mwaka huu kamati tuliamua zawadi ya kwanza kutolewa isiende kwa aliyeongoza darasa. Iende kwa mtoto ambaye daftari la mahudhurio halina alama yake ya utoro hata siku moja, Januari mpaka Desemba. Walipatikana watatu shule nzima. Kila mmoja alipewa tetea aliye karibu kutaga, wametoka kwa wazazi waliojitolea. Mmoja wa hao watoto ni wa darasa la kwanza, mdogo kweli. Alimkumbatia tetea wake kikao kizima, miguu imefungwa kwa katani, na kila aliyeomba amshikie alikataliwa.

Jambo lenyewe hasa lililonileta bado sijalifikia, lile la ndoo ya darasa la pili. Mvua zimeanza na ng'ombe wako kwenye plau, nitarudi usiku.

Dereva wa Shelui

Naweka kambi hapa. Mimi ni mwenyeji wa pande hizo, nimesoma kwa njaa hiyo hiyo ya saa nne. Tunasubiri ndoo.

Kiboko ya Hesabu

Mkuu hongereni kwa uji, natoka moyoni. Ila niruhusu niseme lililo kweli kwangu. Shule nzima haina A hata moja halafu tunagawa kuku? Darasa la saba ndilo linaloamua mtoto aende wapi. Mwanangu amemaliza mwaka huu shule ya mjini ya Kiingereza na amepata B, na nyumbani tumekaa naye chini tukajiuliza tumekosea wapi. Tukianza kuwapongeza watoto kwa kufika tu shuleni, hawatajua kwamba kuna ngazi ya juu zaidi.

Chaki Nyeupe

Ndugu Kiboko, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa kumi na saba sasa. Ngoja tuifanye hiyo hesabu pamoja, maana wazazi wengi wanaiona A bila kujua imejengwa na nini.

Mtihani wa darasa la saba una masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. A inaanzia 241. B ni 181 mpaka 240, C ni 121 mpaka 180, D ni 61 mpaka 120, chini ya hapo ni E. Sasa chukua mtoto wa Iramba ambaye Kiingereza anakutana nacho ubaoni tu, nyumbani ni Kinyiramba au Kisukuma. Mpe 12 ya Kiingereza na 15 ya Hisabati. Hayo masomo manne yaliyobaki afanye vizuri kupita kiasi, 45 kila moja. Jumla ni 207. Anapata B. Huyo mtoto ana akili sana, na bado A hataiona kwa sababu masomo mawili yamemvuta chini.

Ndiyo maana nikisikia shule ya kijijini ina C nyingi na hakuna aliyekosa mtihani, mimi nasimama kwa heshima. C ndiyo inayompeleka mtoto kidato cha kwanza.

Na jingine. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora, tangu matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023. Mimi niliyafurahia. Ile orodha ilikuwa inatufundisha kutazama shule kumi na kuzisahau zingine zote. Mwanao mwenye B mpongeze, ndugu yangu. Mkalishe chini tena, safari hii umwambie asante.

Mjukuu wa Mwalimu

Mimi nataka kuchangia hapo kwenye madawati matupu, maana kuna kitu kibaya zaidi ya dawati tupu. Ni mtoto aliyeambiwa akae kwenye dawati halafu afeli.

Binamu yangu alimaliza darasa la saba 2014. Alikuwa anatushinda wote nyumbani kwa kusoma, barua zote za ukoo alikuwa anasoma yeye. Matokeo yakatoka, hakuchaguliwa. Tulishangaa, tukalaumu walimu. Miaka mingi baadaye tukiwa tunapalilia mahindi ndipo akanieleza. Baba yake alimwita usiku wa kuamkia mtihani, akamwambia sekondari hakuna wa kukulipia, usije ukanitia aibu ya kuchaguliwa halafu nishindwe. Wakati ule ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ukiongeza sare na michango mingine baba aliona mlima. Basi akaingia chumbani na penseli yake, akasiliba herufi C kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho. Masomo yote. Alisema kilichomuuma ni kwamba maswali alikuwa anayasoma na majibu anayaona, mkono unakwenda kwenye C.

Ada ilifutwa Januari 2016. Kama miezi kumi na sita tu baada ya mtihani wake.

Kwa hiyo nikisoma kwamba watoto wote wamefika na wazazi wanalima alizeti ya shule kwa ng'ombe wao wenyewe, mimi nasoma kitu kingine: wazazi wa kijiji hicho wameacha kuiogopa sekondari. Hicho hakiandikwi kwenye matokeo.

Mama Darasa la Pili

Mjukuu wa Mwalimu umeniliza. Huyo binamu yuko wapi sasa?

Mjukuu wa Mwalimu

Yupo mama, anaendesha bodaboda. Ana binti darasa la tano. Jioni lazima binti amsomee ukurasa mmoja kabla ya kula.

Kiboko ya Hesabu

Mwalimu Chaki, hesabu yako nimeielewa na nimekaa nayo. Nitazungumza na mwanangu leo. Lakini swali langu moja bado lipo, na naliuliza kwa nia njema kabisa: hao wenye D wanakwenda wapi? Mleta mada ametaja D kwa sentensi moja akapita.

Mlima Alizeti (mleta mada)

Nimerudi wakuu. Ng'ombe wamelala, nami nina chaji ya kutosha.

Kiboko, umeuliza swali la haki. Wenye D hawaendi kidato cha kwanza. Mwaka huu kamati imechukua majina yao, imekwenda nyumba kwa nyumba. Wawili wazazi wao wamekubali kuwatafutia nafasi chuo cha ufundi cha VETA Singida, ufundi wa magari na ushonaji, umri ukishatimia. Mmoja amechukuliwa na mjomba wake fundi wa kuchomelea. Waliobaki bado tunazungumza na familia zao, na sina habari njema ya kukupa kuhusu wote. Kuna binti mmoja pale ambaye nalala nikimfikiria. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa 2016 inasema atakayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Sasa huyu amemaliza la saba, na hajachaguliwa. Mtu akija nyumbani kwao na ng'ombe, nani atamwambia nini? Mama yake tumeongea naye mara mbili. Tutaongea tena.

Sasa ndoo.

Mwaka jana kwenye kikao kama hiki, mtoto mmoja wa darasa la pili aliitwa atusomee. Akashika kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kukwama popote, sauti nzuri, tukapiga makofi. Mstari wa mbele alikaa bibi mmoja ambaye hajawahi kuingia darasani maisha yake yote. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, “Mbona mbuzi kwenye picha ana miguu juu?” Kitabu kilikuwa kimeshikwa juu chini. Mtoto alikuwa amekariri.

Watu walicheka, lakini mwalimu wa darasa lile hakucheka. Mwaka mzima huu amefanya kazi kwa sababu ya neno la yule bibi, na mwenyewe amelitamka hivyo mbele ya kikao.

Alichofanya ni hiki. Darasa la sita waliandika sentensi kwenye vikaratasi, nyuma ya kalenda za zamani na maboksi ya chaki. Sharti, kila sentensi ihusu kitu cha hapa kijijini, na isiwe imetoka kwenye kitabu chochote. Vikaratasi vikatiwa kwenye ndoo ya uji iliyooshwa. Siku ya kikao kila mtoto wa darasa la pili alikuja mbele, akaingiza mkono, akatoa kimoja, akasoma. Hakuna aliyejua atatoa kipi, hata mwalimu hakujua. Na mzazi wa mtoto huyo anasimama wakati mtoto anasoma.

“Mashine ya kukamua alizeti imeharibika.” “Mama amenunua vitunguu vitatu.” “Mvua ikinyesha darasa letu linavuja.” Hiyo ya mwisho mwenyekiti wa kijiji aliandika kwenye daftari lake.

Kulikuwa na mvulana wa familia ya wafugaji, wamehamia kwetu miaka michache iliyopita, nyumbani wanasema Kisukuma. Darasa la kwanza alikuwa anaonekana siku mbili kwa wiki, siku nyingine yuko na ndama. Akatoa karatasi yake. Akaanza, “Ng'o-mbe wa ba-bu wa-me-ku…” akasimama. Sentensi ilikuwa “Ng'ombe wa babu wamekunywa maji ziwani,” maana ziwa Kitangiri haliko mbali na sisi. Silabi ya nywa ilimkalia njiani. Akasema “nya.” Akatikisa kichwa mwenyewe, hakuna aliyemkosoa. Upepo ukawa unapindua ile karatasi, akaishika kwa mikono miwili. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, amejifunga mikono kifuani, hakumsaidia. Nilitamani nimpigie kelele amsaidie. Wazazi zaidi ya mia, hakuna aliyekohoa.

“Nywa.”

Kisha, “Wamekunywa. Wamekunywa maji zi-wa-ni.” Halafu bila kuambiwa na mtu akarudi mwanzo, akasoma sentensi yote kwa mara moja, haraka, kama mtu anayeogopa itamtoroka.

Mama yake alikuwa amesimama na mtoto mchanga mgongoni. Alikwenda mbele, akaipokea ile karatasi, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga pale akina mama wanapofunga hela. Akarudi kukaa.

Darasa lina watoto 46. Waliosoma ni 39. Saba walishindwa, na nataka mjue walivyotendewa, maana hapo ndipo nilipomheshimu yule mwalimu kabisa. Hakuwaacha wasimame wanalia mbele za watu. Aliyekwama kabisa, mwalimu alikwenda akapiga goti pembeni yake, wakasoma pamoja, silabi moja moja, mpaka mwisho, mzazi amesimama anaona. Kisha baada ya kikao aliwaita wazazi wa wale saba chini ya mwembe. Januari kila mmoja atakabidhiwa kaka au dada wa darasa la tano, dakika ishirini kila siku baada ya uji. Machi atawaita tena wazazi, na ndoo itatolewa tena.

Dereva wa Shelui

Nimesoma hii nikiwa nimeegesha gari. Hiyo karatasi kwenye pindo la khanga.

Mama Darasa la Pili

Naomba msaada wa walimu. Mwanangu wa darasa la pili, shule iko mjini, darasa lina watoto wengi mno. Ripoti imekuja na wastani wa 78, nafasi ya tisa. Tulifurahi. Baada ya kusoma uzi huu nimempa simu nikamwambia nisomee ujumbe wa shangazi. Hakuweza. Anatazama herufi ya kwanza halafu anabuni neno. Nimpime vipi bila kumtisha? Na nifanye nini likizo hii?

Chaki Nyeupe

Mama, kwanza usimgombeze, na usimwonyeshe kwamba umeshtuka. Kubuni neno kwa kuona herufi ya kwanza ni dalili kwamba anakariri maumbo ya maneno, silabi hazijakaa. Wapo wengi, na wengi wanapata alama nzuri kwa sababu maswali ya darasani yanafanana na mazoezi waliyoyanakili ubaoni.

Fanya kama yule mwalimu wa Iramba. Tumia maandishi ambayo hajawahi kuyaona. Pakiti ya chumvi, kipande cha sabuni, bango la dukani, ujumbe wa simu. Asome, kisha muulize amesoma nini. Kama ametamka sawasawa lakini hajui amesema nini, hapo pana kazi nyingine.

Rudi kwenye silabi. Ba be bi bo bu akizimudu, nenda kwenye zile za konsonanti mbili, mba, nda, cha, sha, nya. Halafu zile zinazowashinda wengi: mbwa, nywa, shwa, ng'a dhidi ya nga. Watoto wengi wanasoma ng'ombe kama ngombe mpaka darasa la nne na hakuna anayewasahihisha. Kata makaratasi madogo, andika silabi, mwache azipange ziwe maneno. Robo saa kwa siku inatosha, asubuhi akiwa ameshiba. Ukiona amechoka, funga.

Na uwe unamsomea wewe. Hata kama hana kazi ya kufanya, akae tu asikilize, macho yake yafuate kidole chako.

Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ili uegemee KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa sababu hii hii. Upimaji wa darasa la pili nao unatazama hayo. Muulize mwalimu wake mwanao amepata nini kwenye kusoma peke yake, usikubali wastani.

Nyota ya Kitale

Salamu kutoka Kenya. Nimefurahia sana mjadala wenu. Huku kwetu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Mliokuwa mkitazama habari mtakumbuka mtoto aliyepata alama 400 kati ya 500 alivyokuwa akibebwa mabegani kijiji kizima kikiimba. Sasa watoto wa gredi ya sita wanafanya upimaji uitwao KPSEA, na wote wanaingia gredi ya saba. Hakuna anayeachwa nje kwa sababu ya alama.

Nawaambia ukweli, mimi kama mzazi nilipata shida mwanzoni. Nilizoea kuuliza “umekuwa nambari ngapi?” Siku ya kufunga shule mwaka huu nilimuuliza mwanangu hivyo akanijibu, “Mama, hatuna nambari, lakini nimejifunza kuogelea kwenye mto bila kuogopa na naweza kueleza kwa nini maji yanachemka.” Nilikosa la kusema. Hiyo ndoo ya Iramba nitaipeleka kwa walimu wetu, kama mleta mada ataniruhusu.

Mlima Alizeti (mleta mada)

Dada wa Kitale, ichukue. Si yetu, ni ya yule bibi.

Mtetea Bure

Mimi nina wasiwasi na lile debe la mahindi. Elimu msingi ni bila malipo tangu Januari 2016. Debe kwa kila kaya ni mchango, na michango ndiyo iliyokuwa inawafukuzisha watoto zamani. Mimi mwenyewe nilirudishwa nyumbani mara tatu darasa la sita kwa sababu ya mchango wa mlinzi. Asiyekuwa na debe anafanywaje?

Mlima Alizeti (mleta mada)

Pole sana ndugu yangu kwa hayo uliyopitia. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 unasema chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi, pamoja na sare na madaftari. Serikali inaleta fedha ya ruzuku, na kwa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, vitabu vikiwemo humo. Uji haumo. Kwa hiyo ama tuutafute wenyewe, ama mtoto akae na njaa.

Lakini hofu yako tuliizungumza sana. Azimio la kikao ni kwamba hakuna mtoto atakayenyimwa uji wala kurudishwa kwa sababu ya debe. Wasio na mahindi walikubali kuleta kuni au maji kwa zamu. Kuna kaya mbili hazikuweza chochote, wazee wanaolea wajukuu. Watoto wao wanakunywa kama wengine, na majina yao hayasomwi popote. Siku mtu akiyasoma hayo majina hadharani nitajiuzulu kwenye kamati.

Chaki Nyeupe

Hapo hapo kwenye mipango, kamati yenu ianze kuifikiria 2027 mapema. Watoto wa darasa la tatu mwaka huu wako kwenye mtaala mpya, watamaliza darasa la sita. Walioko darasa la nne sasa watamaliza la saba. Wote mwaka mmoja. Na Januari 2028 wote watakuwa mlangoni mwa kidato cha kwanza. Sekondari yenu ya kata iko umbali gani?

Mlima Alizeti (mleta mada)

Kilomita tisa, mwalimu, na mto katikati. Masika mto ukijaa hawavuki. Hili nalipeleka kwenye kikao cha Januari kama lilivyo, asante sana.

Kiboko ya Hesabu

Nimeongea na mwanangu jana usiku. Nilimwomba anionyeshe karatasi za mazoezi ya Hisabati tangu darasa la tano. Zimejaa alama za vyema. Sikuwahi kuziona, nilikuwa naangalia ripoti tu. Mleta mada, nataka kununua tetea wawili kwa mwaka kesho. Niambie utaratibu.

Dereva wa Shelui

Na mimi nina boksi la vitabu vya hadithi, watoto wangu wamevikuza. Napita Shelui mara mbili kwa wiki nikielekea Mwanza. Niambie niviache kwa nani.

Mlima Alizeti (mleta mada)

Wakuu nawaandikia wote wawili faragha sasa hivi. Mungu awabariki.

Mama Darasa la Pili

Jana amesoma “chumvi yenye madini joto” kwenye pakiti, mwenyewe, bila kubuni. Tumechukua dakika kumi kwenye neno chumvi peke yake. Asanteni walimu.

Mleta mada, yule mdogo wa darasa la kwanza aliyekataa kumwachia tetea wake, kuku anaendeleaje?

Mlima Alizeti (mleta mada)

Hongera sana mama, na mpe hongera mtoto.

Nimepita kwao leo asubuhi nikienda kununua dawa ya ng'ombe. Tetea ameanza kutaga juzi. Mtoto ana mayai matatu kwenye kikapu, ameyatandikia majani ya mahindi, na hayaliwi, anasubiri yaatamiwe. Kila yai ameliandika namba kwa penseli. La kwanza na la pili yameandikwa vizuri. Kwenye la tatu, 3 imegeukia upande wa pili. Nilimwonyesha, akalichukua, akalamba kidole, akaifuta, akaandika upya.